Safu kutoka LabVIEW kwenda DLL: pointa ya data, hendeli au MoveBlock?

Mtetemo
Wakuu habari zenu. Naunda mtambo wa kupima mtetemo wa mota kwa LabVIEW, lugha ya programu inayochorwa kwa nodi na nyaya. Kadi ya kupimia imekuja na DLL ya Windows (faili ya vitendakazi vinavyoitwa na programu nyingine), na kitendakazi chake cha kusoma kinataka pointa (anwani ya kumbukumbu) ya double, yaani namba za desimali za baiti 8, pamoja na idadi ya sampuli, 10,000 kwa mkupuo. Kwenye Call Library Function Node, nodi ya LabVIEW ya kuita DLL, naona njia tatu za kupitisha safu: Array Data Pointer, Array Handle na Array Handle Pointer. Wengine hupitisha anwani kama namba, wakavuta data kwa MoveBlock, kitendakazi cha kunakili kumbukumbu. Nilijaribu ya kwanza, LabVIEW ikajifunga ghafla. Nishike ipi?

NyayaNaBiti
Hiyo hiyo ya kwanza, mkuu. Nadhani ulipeleka safu tupu. DLL haijui safu yako ina ukubwa gani, inaandika tu kuanzia pale ilipoelekezwa, hata kama pana vitu vya wenyewe. Weka Initialize Array yenye double 10,000, yaani baiti 80,000, iunge kushoto mwa nodi, matokeo yapokee kulia.

Kikokotoo
Hendeli (Array Handle) iache, labda kama DLL unaiandika mwenyewe. Ni pointa ya pointa, na bloku inaanza na int32 (namba kamili ya baiti 4) ya ukubwa ndipo data ifuate. Aliyetengeneza kadi hana habari na mpangilio huo. Lakini kwa msimbo wako mwenyewe wa C ni tamu: kitendakazi cha LabVIEW, NumericArrayResize, kinakuza safu humo humo ndani, huna haja ya kujua idadi mapema. Tumia extcode.h, faili ya LabVIEW yenye maelezo hayo kwa C, usihesabu baiti kwa mkono. Kwenye Windows ya biti 32 double zinaanza baiti ya 4, kwenye biti 64 zinaanza ya 8. Mimi hilo lilinila siku mbili nzima.

Bi_Saketi
Ndugu zangu, mmejibu kana kwamba DLL ikishamaliza kuitwa inaisahau ile pointa. Je, isipoisahau? Kadi nyingi zina kitendakazi cha kuanzisha ukusanyaji: unakipa bafa (eneo la kumbukumbu la kupokea data), kinarudi papo hapo, halafu dreva (programu inayoendesha kadi) inaendelea kuijaza nyuma ya pazia. LabVIEW nayo, nodi ikimaliza tu, ina ruhusa ya kuihamisha au kuiachia safu ile. Hapo Array Data Pointer ni hatari hata ukitenga nafasi ya kutosha, tena inaweza kukubali wiki nzima kabla ya kuanguka.

Kwa hali hiyo tenga bafa kwa DSNewPtr, nakili kwa MoveBlock, na mwisho achia kwa DSDisposePtr. Zote zimo ndani ya LabVIEW yenyewe: sehemu ya jina la maktaba andika LabVIEW. Anwani ipitishe kama Unsigned Pointer-sized Integer, na kwenye waya wa LabVIEW iwe U64 (namba kamili ya biti 64). Ukiweka U32 kwenye biti 64 unakata nusu ya anwani.

Mtetemo
Asante sana dada. Usomaji wa mkupuo sasa unakubali kwa Initialize Array. Ila nimesoma hati ya kadi, modi ya mfululizo ni kama ulivyosema, bafa inashikiliwa. Mtu akibonyeza Abort (kitufe cha LabVIEW cha kukatisha programu ghafla) katikati, DSDisposePtr itafikiwa?

Bi_Saketi
Haitafikiwa, na dreva itabaki inaandika. Ficha Abort, weka kitufe chako cha kusimamisha: kwanza kadi isimame, ndipo uachie bafa.