Kastaneti za mti, faiba au plastiki kwa anayeanza sevillanas?

Binti_Tanga: Wakuu, habari. Niko Sevilla, nimeanza kujifunza sevillanas, ngoma ya huku. Mwalimu anataka kila mtu aje na kastaneti zake, vile vibao vya kugonganisha mkononi. Dukani kuna za plastiki, mti na faiba, na bei zimepishana mno. Nichukue zipi?

Mpiga_Zumari: Za plastiki achana nazo, pamoja na zile zilizochorwa maua kwa ajili ya watalii. Zinalia kavu na sauti inakatika hapo hapo. Chukua faiba: ni tabaka za kitambaa zilizoshindiliwa kwa resini, kisha zikachongwa. Sauti kali, inafika mwisho wa ukumbi, wala haisumbuliwi na unyevu. Mti hupasuka hewa ikibadilika ghafla, na ukiudondosha sakafuni ndiyo basi tena.

Fundi_Mbao: Kwa kuanzia, faiba sawa. Ila mti mgumu mweusi, jamii ya mpingo, una utamu ambao faiba haijaufikia, hasa ukipiga taratibu. Na msiogope forodha: Dalbergia, yaani miti ya jamii hiyo ya mpingo, ziliwekewa vibali vya CITES (mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini) mwaka 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa katika masharti hayo mwishoni mwa 2019.

Nana_Madrid: Mdogo wangu, kabla ya kuuliza mti au faiba, sikiliza jozi yenyewe. Ya mkono wa kulia, *hembra* (jike), lazima ilie nyembamba kuliko ya kushoto, *macho* (dume kwa Kihispania). Mara nyingi ya kulia ina alama ndogo. Mkono wa kulia ndio wenye kazi: vidole vinne vinapita kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho hadi cha shahada, ndiyo *carretilla*, wa kushoto unajibu kwa pigo moja. Sauti mbili zikifanana, wimbo wote unakuwa kelele. Kwa ukubwa, namba 5 au 6 huwatosha wanawake wengi, wanaume 7 kwenda juu. Kubwa kuliko kiganja itakuchosha vidole bure.

Kijana_Zaragoza: Huku Aragón kwenye jota, ngoma yetu, wengine tunazifunga kidole cha kati, si gumba, na nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtindo huu mimi natetea mti, tena bila kusita.

Mpiga_Zumari: Huo ni mchezo mwingine kabisa, ndugu. Hata kisiwa cha La Gomera wana kastaneti zao, *chácaras*, kubwa mno, zinaenda na ngoma. Yeye anacheza sevillanas.

Binti_Tanga: Asanteni sana. Dada Nana, kamba niikaze kiasi gani? Zangu za kuazima zinateleza.

Nana_Madrid: Kamba inazunguka gumba mara mbili, kiungo kikibaki katikati. Mzunguko wa karibu na kucha ukaze, wa chini uachie kidogo. Ukiacha kupiga, kastaneti ifunguke yenyewe. Ikibaki imefumba, kaza. Ikining'inia mbali na kiganja, kaza pia. Kamba mpya hunyooka, kwa hiyo utaikaza tena na tena wiki za mwanzo.