Mbegu za asili au chotara: nipande zipi kwenye matuta sita?

TutaSita
Wadau, naomba ushauri. Nina kiploti cha mita 10 kwa 8, matuta sita. Msimu ujao nataka nyanya, maharage, kabichi, karoti na maboga, kwa ajili ya kula nyumbani. Ningependa pia kutunza mbegu zangu badala ya kununua kila mwaka. Tatizo ni kwamba kwenye tuta moja nyanya zilinyauka, na nilipozing'oa mizizi ilikuwa na vinundu. Je, niende na mbegu za asili zote, chotara zote, au nichanganye?

MzeeWaKitalu
Mkuu, amua zao kwa zao. Kabla ya kununua pakiti yoyote jiulize: mmea huu unajichavusha wenyewe, au unategemea nyuki na upepo?

Maharage yanajichavusha, kwa hiyo chukua za asili bila wasiwasi. Isitoshe, chotara za maharage hutaziona madukani, maana kuvusha chavua kwa mkono ua moja moja ili upate punje chache hakumlipi mzalishaji. Tenganisha aina mbili kwa mita 3 hadi 5. Acha maganda yakauke shambani mpaka mbegu zilie ndani ukiyatikisa. Mbegu iliyo tayari kuhifadhiwa ukiiuma haiachi alama ya jino.

Kabichi ni habari nyingine kabisa. Haijichavushi, kwa kawaida hutoa maua mwaka wa pili baada ya kupitia baridi, na inapokea chavua ya brokoli na koliflawa kwa sababu zote ni spishi moja. Ukitunza mbegu kutoka mimea miwili mitatu tu, baada ya vizazi vichache utapata mimea dhaifu. Unahitaji walau mimea 20 iliyoachwa ichanue, na hapo matuta yako yamekwisha. Nunua chotara. Ila angalia: vichwa vya chotara hukomaa karibu kwa pamoja. Mkulima wa sokoni anafurahia hilo, lakini nyumbani utabaki na kabichi zinazopasuka tutani. Hamisha miche minne kila baada ya wiki mbili badala ya kupanda yote siku moja.

Karoti nazo usihangaike na mbegu yake, hasa kama karoti mwitu inaota jirani, maana zinachavushana na mizizi itakayofuata huwa myeupe na migumu. Nunua, lakini si lazima iwe chotara. Aina za kawaida zinatosha kwa kula. Unachokosa ni usawa wa umbo tu.

Shina_Bora
Niongezee kwenye nyanya, kwa sababu vinundu hivyo vinabadilisha hesabu. Hiyo ni minyoo fundo, na inakaa udongoni. Hata hivyo, hakikisha mnyauko wenyewe si wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi za uji mweupe zikishuka ndani ya dakika chache, ni bakteria, na herufi nitakazotaja hapa hazitakusaidia.

Kwenye pakiti ya chotara tafuta V na F (minyauko miwili ya ukungu, verticillium na fusarium), N (minyoo fundo) na T (virusi vya batobato). Palipoandikwa HR ukinzani ni mkubwa. IR ni wa kati, yaani mmea utaugua kidogo ukishambuliwa sana. Aina isiyo na herufi usidhani inazo. Nyanya nyingi za asili hazina N, na hakuna mbolea itakayoziba pengo hilo.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: ukinzani wa N hulegea udongo ukizidi nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Tandaza nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ili udongo usichemke.

Ukiipenda nyanya ya asili kwa ladha yake, bebesha, yaani unganisha sehemu yake ya juu na mizizi ya aina nyingine. Chukua kipande cha juu cha mche wake na shina la chini la chotara lenye N, yote yakiwa na unene wa milimita 2 hivi. Kata kwa mshazari wa nyuzi 45, unganisha kwa klipu, weka kwenye unyevu na kivuli kwa wiki moja, kisha zoesha hewa taratibu. Wakati wa kuhamisha, kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, sehemu ya juu itatoa mizizi yake na minyoo itaingia humo.

TutaSita
Asanteni sana. Na je, nikikamua mbegu kutoka tunda la nyanya chotara, zitaota?

MpepetaMbegu
Zitaota vizuri tu. Swali ni zitaota nini. Mimea ya F1 (kizazi cha kwanza cha chotara, ndicho unachonunua kwenye pakiti) inafanana kwa sababu wazazi wake wawili walichavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi mpaka sifa zao zikatulia. Kizazi kinachofuata sifa zinatawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, matunda ya ukubwa tofauti. Ukinzani wa N unatawaliwa na jeni moja yenye nguvu, kwa hiyo kama F1 yako ilirithi nakala moja tu, takriban mimea 3 kati ya 4 itabaki nao. Lakini huwezi kuitambua kwa macho mpaka ung'oe mizizi. Kwa tuta lenye minyoo, nunua F1 mpya.

Kwa nyanya za asili, chagua mmea bora kabla ya kuchagua tunda. Kamua mbegu na majimaji yake kwenye kikombe, acha yachachuke siku 2 hadi 3 ukikoroga kila siku, mpaka ule utelezi uachie. Ukizidisha, mbegu zitaanza kuota humo humo. Suuza, tupa zinazoelea, anika kwenye sahani kivulini; kwenye karatasi zitaganda. Hifadhi kwenye chupa inayobana, mahali pakavu na baridi.

Bi_Maboga
Ndugu, maboga yanavushwa na nyuki, na jamii ya zukini huchanganyika na vibuyu vya mapambo. Jioni funga kwa uzi ua dume na ua jike yatakayofunguka kesho. Asubuhi pakaza chavua, funga tena ua jike, tia alama kwenye kikonyo. Kisha tunda lolote kutoka mbegu uliyotunza lionje likiwa bichi, kipande kidogo sana. Likiwa chungu, litemee mbali na ung'oe mmea wote. Uchungu huo ni sumu na kupika hakuuondoi.