Gereji imekuwa kinyozi, wateja waniingilia mimi!

Jamani wa Bamburi hapa Mombasa, huyu bwana jirani yangu mwamjua, sina haja ya kumtaja. Leo amenifikisha mwisho.

Mama mkwe wangu katoka Kisauni kuja kututazama, kakaa zake sebuleni na tasbihi mkononi. Mara jitu limeingia bila hodi, likavua shati, likajitupa kitini, likamwambia: "Mama, nipunguzie pembeni, juu uache." Mama mkwe! Na tasbihi!

Kisa ni nini? Nyumba zote mtaani zimetoka kalibu moja. Geti jeusi, ukuta rangi ya maziwa, paa jekundu, hata mpapai kila mtu kaupanda upande ule ule. Sasa yeye gereji yake, iliyojengwa ilale gari, alfajiri yauza mahamri na mbaazi, mchana kinyozi, jioni watoto wa Pwani nzima wacheza PlayStation, usiku walala mbuzi. Gari lenyewe? Liko mbele ya geti langu!

Nikamwendea. Ati anijibu, huku apangusa mashine ya kunyolea kwa kanga ya mkewe: "Nyumba zote sawa, mteja atajuaje? Wewe paka geti lako rangi nyingine." Nipake mimi! Na wenye mtaa wamekataza, ukibadilisha rangi barua yaja kabla haijakauka. Gereji kugeuzwa soko hawaoni, rangi ya geti waiona!

Mama mkwe mpaka saa hii hajasema neno. Amwangalia mwanawe tu. "Nipunguzie pembeni"! Kwa mama mkwe!

Kaka_Tudor: Swali moja tu. Alimnyoa au hakumnyoa?

shoga_wa_Mtopanga: Hayo mahamri ni ya iliki? Nielekezeni nyumba.

Mwenye uzi: Kumbe ni nyinyi mnaonigongea alfajiri!

MlangoWaNakshi: Ndiyo mkahama Mji wa Kale mkafuata mageti. Kwetu kila mlango una nakshi yake, na mgeni huanzia barazani. Hakuna wa kuingia akavua shati.

Kaka_Tudor: Mji wa Kale gari mtaliweka wapi wewe? Vichochoro vile hata mkokoteni wapita ubavu.

MlangoWaNakshi: Na nyinyi wenye gereji gari mmeliweka wapi? Si liko nje kwa jirani?

Changamwe_kwetu: Afadhali gereji yenu ina kinyozi. Yangu imejaa mitungi. Maji yatoka chemchemi ya Mzima kule Tsavo, yasalimia kila mji njiani, yakifika kwangu mfereji wakohoa tu. Gari lalala kwenye umande, mitungi yalala ndani kama wageni.

shoga_wa_Mtopanga: Nyinyi angalau mfereji wakohoa. Huku ni mwenye mkokoteni na bei anayoitaka yeye.

Likoni_damu: Mwalilia maji na gereji? Njooni mpange foleni ya feri na jua hili, tuktuk imekukanyaga kidole, na bosi asema umezoea kuchelewa.

Mwenye uzi: Uzi ni wa gereji jamani! Mtu kamvulia shati mama mkwe wangu!

Kaka_Tudor: Likoni, leo feri zafanya kazi ngapi? Nina harusi huko saa kumi.

Likoni_damu: Mbili. Toka sasa hivi.