Rivolva ya vita iliyobadilishwa chemba: ninunue au niachane nayo?

chuma_cha_zamani:
Wakuu habari za humu, naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nimeletewa rivolva ya Smith & Wesson, ile ya kijeshi ya vita kuu ya pili wanayoiita Victory. Muuzaji ana leseni na karatasi zimenyooka kwa hiyo upande wa kibali sina wasiwasi, kinachonikosesha usingizi ni kwamba imeguswa sana. Mtutu umekatwa ukawa kifupi, ile rangi ya kijivu ya jeshi haipo imepigwa nikeli inang'aa kama kijiko kipya, halafu anasema chemba, yaani matundu ya risasi kwenye silinda, zilichongwa ili zipokee risasi za .38 Special kwa sababu zake za asili za .38 S&W ni shida kupata. Namba ya silaha chini ya mpini inaanza na V. Mkononi inakaa vizuri mno, triga laini, na bei anataka kama nusu ya ile ambayo haijaguswa. Mimi nataka kipande cha historia lakini pia niwe naipiga uwanjani mara moja moja, sio ikae kabatini tu. Mnasemaje?

fundi_mtutu:
Mkuu nusu bei isikupagawishe, kwanza rudi ukaiangalie vizuri, na ukishaishika hakikisha haina risasi ndani hata kama muuzaji kaapa.

Anza na maandishi ya mtutu upande wa kulia. Victory zilitoka za aina mbili. Walizobaki nazo Wamarekani wenyewe, za wanamaji na marubani na walinzi wa viwanda, ziliandikwa 38 S&W SPECIAL CTG (CTG ni kifupi cha neno la Kiingereza la risasi) na mtutu wake mara nyingi inchi 4. Zilizopelekwa kwa Waingereza na wenzao ziliandikwa 38 S&W CTG tu, bila hilo neno SPECIAL, na nyingi mtutu wake ni inchi 5. Sasa kama yako haina SPECIAL halafu risasi ya Special inaingia mpaka mwisho, basi hapo ndipo alipopita mtu na mashine.

Tatizo liko hivi. Ganda la .38 S&W ni fupi, milimita 19.7, lakini ni nene kidogo, kule chini lina kama milimita 9.8. La Special ni refu, milimita 29.3, ila jembamba, 9.6 hivi. Aliyechonga aliongeza urefu mbele tu, upana wa chemba kwa nyuma hawezi kuupunguza maana chuma kilishatoka kiwandani kimeondolewa. Kwa hiyo ukipiga Special, sehemu ya chini ya ganda inakosa ukuta wa kuegemea, inavimba, na maganda mengine yanapasuka kwa urefu kabisa. Likipasuka gesi ya moto inatafuta pa kutokea, na wewe umesimama nyuma yake.

Fungua silinda uielekeze kwenye mwanga uchungulie chemba moja moja kwa nyuma. Zikiwa zimechongwa utaona ngazi ndani, duara pana linaishia ghafla kisha linaanza jembamba. Kwenye chemba ya Special ya kiwandani hiyo ngazi ipo moja tu, mbele zaidi. Yako utaikuta na nyingine katikati ya silinda. Halafu mwombe muuzaji maganda aliyokwisha kuyapiga kwa hiyo hiyo bastola. Yakiwa na tumbo juu kidogo ya kitako umepata jibu, na akikuambia hajawahi kuipiga wakati anaisifia inavyopiga, basi jiulize.

mzee_wa_makumbusho:
Fundi kagusa usalama, mimi niseme habari ya historia maana ndugu yetu kasema anataka historia.

Hizi bunduki zina hadithi kubwa. Uingereza ilikuwa imepungukiwa silaha, ikaagiza kwa wingi, zikapelekwa zaidi ya laki tano kwao na kwa majeshi ya washirika wao. Namba za kuanzia na V zilianza 1942, V ni ya Victory. Walizipaka fosfeti, ile kijivu isiyong'aa, badala ya kuzing'arisha, wakaweka mipini ya mbao laini isiyo na nakshi na pete ya kamba chini ya kishikio ili askari asiiangushe. Huo uchakavu na ukavu wake ndio vita yenyewe, ndio unaolipiwa. Ukishapiga nikeli, ukakata mtutu, ukaziba tundu la pete, umefuta kila kitu ambacho mkusanyaji anakitafuta. Hakuna namna ya kukirudisha. Ukimpelekea mtu anayejua atakuuliza bei ya vipuri tu.

Kwa hiyo hiyo nusu bei kwangu bado ni kubwa, kubwa sana. Linganisha bei yake na rivolva yoyote ya kawaida iliyotumika, na hata hapo ishuke kidogo kwa sababu ya hizo chemba.

Kingine cha kuangalia, namba. Ipo kwenye kitako cha mpini, ipo nyuma ya silinda, na ipo chini ya mtutu pale bapa panapolala fimbo ya kusukumia maganda. Zikipishana ujue imeunganishwa kutoka kwenye bastola mbili au tatu.

dada_shabaha:
Jamani mnamtisha kaka wa watu. Mimi ninayo ya hivyo hivyo, chemba zimechongwa, niliikuta kwa marehemu baba na naipiga. Tena zilibadilishwa maelfu kwa maelfu baada ya vita zikauzwa kama bastola za bei nafuu za nyumbani, zingekuwa zinalipuka hovyo tungesikia. Natumia risasi laini za shabaha zenye kichwa cha madini ya risasi tupu, zile zilizoandikwa +P, za presha kubwa, sizigusi kabisa. Kweli maganda yanatoka yamevimba na mengine lazima niyasukume kwa nguvu, na siyajazi tena baruti nayatupa, ila inapiga.

fundi_mtutu:
Dada sijasema italipuka, fremu ya hiyo bastola ni nzuri na nyingi ziko hai mpaka leo. Na umefanya la maana kukaa mbali na +P, presha ya Special ya kawaida kikomo chake ni psi 17,000 (psi ni kipimo cha presha) na hiyo nyingine inafika 20,000 wakati .38 S&W ni 14,500 tu. Ila wewe umeirithi, ni ya baba, ina thamani ambayo haipimwi na mtu. Huyu ndugu anakwenda kulipa hela. Mtu anayenunua ana nafasi ya kuchagua, kwa nini achague yenye maganda yanayopasuka?

Na usiogope hii peke yake. Wale wanaopenda Webley Mk VI, ile rivolva ya Waingereza ya 1915, wana kisa kibaya zaidi. Nyingi zilikerezwa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi ya .45 ACP kwa vibanio vya nusu mwezi vinavyoshika risasi tatu tatu. Risasi yake ya asili ya .455 ina kikomo cha kama psi 13,000, na .45 ACP ya kiwandani inaruhusiwa mpaka 21,000. Hiyo sitakwambia uipige hata kwa bahati, isipokuwa kwa risasi unazojijazia mwenyewe baruti kidogo.

Chuma_cha_zamani, turudi kwako. Ukirudi pale vuta nyundo pole pole kwenye kila chemba, silinda ifunge kabla nyundo haijakaa. Kisha ukiwa umeshikilia triga nyuma na nyundo imeshuka, itikise silinda. Ikicheza mbele na nyuma au ikiyumba pembeni sana, weka chini. Nafasi kati ya silinda na mtutu ipime kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, milimita 0.1 mpaka 0.2 ni nzuri, ikifika 0.3 achana nayo.

chuma_cha_zamani:
Wakuu nimerudi nimeiangalia. Mtutu umeandikwa 38 S&W CTG, SPECIAL hakuna, na maandishi yenyewe hayako katikati yamesogea karibu na mdomo. Ngazi nimeiona kwenye chemba zote 6, inaonekana wazi wazi. Namba ya silinda na ya mpini hazifanani. Halafu kuna kitu sikielewi, fimbo ya kusukumia maganda imekatwa na mbele yake hakuna kitu inachoshika, inaelea. Yeye anasema ndivyo ilivyo. Je nikinunua nikabadilisha silinda nikaweka ya Special ya kiwandani itafaa?

fundi_mtutu:
Hiyo fimbo haikuelea ilipotoka kiwandani. Chini ya mtutu kuna kijinundu kinachoishika kwa mbele, ndicho kinachofanya silinda ifunge sehemu mbili, nyuma na mbele. Aliyekata mtutu mfupi sana alikiondoa pamoja na kilengeo. Sasa silinda inashikwa nyuma peke yake, na kilengeo ulichokiona mbele ni cha kuchomelea, kile cha asili kilikuwa kipande kimoja na mtutu.

Silinda inaweza kubadilishwa, ndiyo, za Special za zama zile za fremu hiyo zipo. Lakini lazima fundi aikalishe, apime nafasi, arekebishe mzunguko ili kila chemba isimame sawa na mtutu, na ukimaliza bado mtutu ni ule ule uliokatwa. Kichwa cha .38 S&W ni kipana, inchi .361 dhidi ya .358, kwa hiyo Special kwenye mtutu wa Mwingereza inaweza kupita imelegea na kutawanya shabaha. Ukijumlisha hela ya fundi na ya silinda utakuwa umelipia ile ambayo haijaguswa.

mzee_wa_makumbusho:
Na uangalie tena hiyo namba ya V kama ina S mbele yake. Mwishoni mwa 1944 bastola mojawapo ilianguka ikafyatuka ikamuua mwanamaji, ndipo wakaweka kizuizi kipya cha nyundo, na S ndiyo alama yake. Ikiwa ni V tupu usiibebe na risasi chini ya nyundo, ukiacha hiyo ukanunua nyingine ya V tupu ushauri ni huo huo.

chuma_cha_zamani:
Ni V tupu. Nimemrudishia. Ana nyingine ya inchi 5, kijivu imechubuka chubuka, mpini una ufa mdogo, namba zote tatu zinafanana na chemba hazina ngazi ya katikati. Ni ghali karibu mara mbili. Risasi za .38 S&W kuna viwanda bado vinatengeneza?

fundi_mtutu:
Vipo, ila havitoi nyingi kwa hiyo ukizikuta nunua za kutosha na usitupe maganda. Huo ufa wa mpini uache hivyo hivyo, mtu asije akakuuzia mpya.