Walimu wa masomo tofauti wapangeje pamoja ufundishaji unaojengwa juu ya dhana?

Mwalimu wa Jiografia, Temeke

Ndugu walimu, habari za kazi. Ninafundisha Jiografia katika shule moja ya kutwa wilayani Temeke. Mimi na wenzangu wawili, wa Biolojia na wa Historia ya Tanzania na Maadili, tumekubaliana kutumia muda wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwetu kuandaa mada chache kwa pamoja, tukianzia kwenye dhana badala ya kuanzia kwenye orodha ya mada za muhtasari. Sababu wengi wenu mnaijua: mwanafunzi anaeleza kwa ufasaha maana ya mmomonyoko, lakini ukimwonyesha ukingo wa mtaro uliomeguka nyuma ya darasa hatambui kwamba ndio huo huo.

Hadi sasa tulichonacho ni neno "mabadiliko", ambalo sote tulilikubali upesi mno. Linaingia katika kila somo, na kwa sababu hiyo hiyo halimlazimishi mwalimu yeyote kubadili chochote katika andalio lake. Naomba ushauri wa waliokwisha kuifanya kazi hii. Tutaipataje dhana inayounganisha masomo kweli kweli? Na ni shughuli zipi za darasani zinazowezekana ndani ya kipindi cha dakika 40, mbele ya wanafunzi zaidi ya sabini wasio na vitabu vya kutosha?

Mwalimu wa Biolojia, Kinondoni

Mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Neno mlilochagua halina ubaya, ila mmesimama hatua moja kabla ya kufika. Dhana ikibaki neno tupu, kila somo litaiweka popote linapopenda; huanza kufanya kazi pale inapounganishwa na dhana nyingine katika kauli inayodai jambo, kauli ambayo mtu anaweza kuikubali, kuikataa au kutaka ithibitishwe. H. Lynn Erickson, mtaalamu wa mitaala wa Marekani ambaye jina lake hutajwa sana katika ufundishaji wa namna hii, huyapanga maarifa kwa ngazi: chini upo ukweli mmoja mmoja, kisha mada inayoukusanya, juu yake dhana, na juu ya dhana kauli ya jumla inayoeleza uhusiano wa dhana mbili au zaidi. Maandalio yetu mengi huishia kwenye ngazi ya mada.

Kipimo ninachokitumia ni kuondoa katika kauli majina ya mahali, majina ya watu na tarehe, kisha kuangalia kama bado inasema jambo la kweli. "Bonde la Msimbazi hufurika mvua kubwa zinaponyesha" ni ukweli muhimu kwa mkazi wa Dar es Salaam, lakini ukiliondoa jina la Msimbazi hakuna kinachobaki cha kujadili. "Njia katika mfumo inapozibwa mahali pamoja, athari hujitokeza hata mahali ambapo hapakuzibwa" ni kauli inayoweza kuvuka kutoka somo moja hadi jingine. Wewe utaifikia kwa mto unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda: taka na mchanga vikijaa katika mkondo wake, maji hutapakaa Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na abiria wa mwendokasi aliyeko Kimara, ambaye hajauona mto huo siku nzima, hukosa basi. Mwenzako wa Biolojia ataifikia kwa mshipa wa damu ulioziba na kiungo kinachokosa oksijeni.

Hakuna atakayelazimika kufundisha mada ya mwenzake. Mnachokipanga pamoja ni kauli yenyewe, maswali yatakayowafikisha wanafunzi kwenye kauli hiyo, na kipindi ambacho wataiweka mifano ya masomo mawili ubavu kwa ubavu. Maswali yawe ya aina tatu: ya ukweli (maji yalipita wapi?), ya dhana (sehemu moja ya mfumo huathirije nyingine?), na ya mjadala (je, gharama ya kuzibua ibebwe na anayeziba au na anayefurikiwa?). Jambo moja nalisisitiza: kauli hiyo iandikwe katika andalio lenu, isiandikwe ubaoni mwanzoni mwa kipindi. Ukiwapa wanafunzi, wataikariri kama walivyokariri maana ya mmomonyoko.

Mkufunzi, chuo cha ualimu

Naungana na mwalimu wa Kinondoni, nami niongezee upande wa shughuli.

Shughuli ninayoiamini kuliko zote ni ya Hilda Taba, mwanaelimu mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani: wanafunzi huorodhesha, hupanga katika makundi, kisha huyapa makundi majina. Andikeni ukweli kwenye vipande vya maboksi, kimoja kimoja. Kwa mfano: makao ya utawala wa Wajerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, kituo cha mabasi ya mikoani kilihama kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021. Ongezeni vipande ambavyo wanafunzi wenyewe watavijaza kwa kuwauliza wazazi, mama lishe na wapiga debe waliokuwapo Ubungo wakati huo. Sharti liwe moja tu, kwamba jina la kundi lisitaje mahali wala zama. "Mambo ya Wajerumani" likataliwe. "Njia", "makazi", "biashara" na "mamlaka" yakubaliwe.

Kisha kila benchi liandike sentensi moja inayounganisha majina mawili. Nyingi zitafanana na hii: "Njia kuu ya usafiri inapohama, biashara huifuata." Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza, na haihitaji maneno mengi. Uliza, "Ni kipande gani kinachoipinga sentensi hii?" Atatokea atakayesema kwamba Bagamoyo ipo hadi leo na watu wake wanafanya biashara, na mwingine atasema kwamba Ubungo haikugeuka pori mabasi yalipoondoka. Wataanza kuirekebisha: wapi watie "mara nyingi", waseme biashara ya aina gani, watofautishe ile iliyomtegemea msafiri na ile iliyomtegemea mkazi. Kurekebisha huko ndiko kujifunza dhana, kwa hiyo mwalimu asikukatishe kwa kuwasomea sentensi yake iliyo nzuri zaidi.

Kwa dhana yenyewe, kabla hamjaingia kwenye kauli, tumieni mifano ya "ndiyo" na "siyo", njia iliyotokana na utafiti ambao Jerome Bruner na wenzake waliuchapisha mwaka 1956. Msiseme mnatafuta nini. Vipuri vya baiskeli vilivyorundikwa dukani Kariakoo: siyo. Baiskeli inayoendeshwa: ndiyo. Samaki ndani ya sanduku la barafu katika soko la Feri: siyo. Mvuvi, dalali, muuza barafu na mkaanga samaki wanaotegemeana tangu alfajiri hadi jioni: ndiyo. Baada ya jozi nne au tano watakuwa wanabishana juu ya sifa za mfumo bila kuambiwa kwamba mada ni mfumo.

Idadi ya sabini si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa, mradi kundi liwe benchi lenyewe, asihamishwe mtu wala kiti. Na kwa kuwa Jiografia na Biolojia mnazifundisha kwa Kiingereza ilhali Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, waacheni wabishane kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike kwa lugha ya somo husika.

Mwalimu wa taaluma, Ilala

Nitatofautiana kidogo na walionitangulia, si katika wazo bali katika kiasi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, unataka umahiri, na kazi hii inaendana nao. Hata hivyo mwanafunzi huyo huyo atakaa kwenye upimaji wa Kidato cha Pili, ambako ataulizwa na ukweli pia, na mzazi hatakubali kuambiwa kwamba mtoto anaelewa mifumo lakini hazijui sehemu za moyo. Dhana isiyo na ukweli wa kutosha chini yake ni maneno ya hewani. Kwa hiyo nashauri mada mbili kwa muhula, zilizoandaliwa vizuri, na vipindi vingine viendelee kama kawaida.

La pili, msilazimishe utatu. Kauli ya mfumo uliozibwa ni ya Jiografia na Biolojia. Kauli ya njia na biashara ni ya Jiografia na Historia. Mwalimu wa Historia akisukumwa kuingia Msimbazi atatafuta mfano wa kubandika, nanyi mtarudi kwenye "mabadiliko" yenu. Pangeni kwa jozi.

Kuhusu vikao, Wajapani wana utaratibu wa walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao kulifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, kisha kulisahihisha. Uigeni hata kwa kipindi kimoja tu. Anayetazama asikae nyuma akiandika tathmini ya mwalimu kama mthibiti ubora. Achague mabenchi mawili na aandike maneno wanayoyasema wanafunzi. Maneno hayo ndiyo ajenda ya kikao kinachofuata, nayo huzuia kikao kugeuka mahali pa kulalamikia uhaba wa chaki.

Mwalimu wa Jiografia, Temeke

Nawashukuru sana. Tutaanza kwa jozi mbili alizozitaja mwalimu wa Ilala. Limebaki swali moja: nitajuaje kwamba mwanafunzi ameielewa kauli, na hajakariri tu sentensi ya benchi lake?

Mwalimu wa Biolojia, Kinondoni

Mpe mfano ambao hamkuugusa darasani. Kwa njia na biashara, tumia reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024: mwambie ataje biashara mbili za kando ya barabara anazodhani zitapungua na moja anayodhani haitaguswa, na kwa kila moja aeleze sababu. Katika kusahihisha, alama nyingi ziende kwenye sababu, maana utabiri wenyewe hata sisi hatuna hakika nao. Aliyekariri atairudia sentensi ya benchi bila kutaja biashara yoyote. Aliyeelewa atamtofautisha muuza machungwa anayesubiri mabasi yasimame na fundi cherehani anayewashonea majirani zake. Kwa Biolojia ninafanya vivyo hivyo kwa mmea ambao matawi yake yananyauka ilhali udongo una maji, nami siwaambii ni mada gani.