Tupeane uzoefu: tulioanzishiwa uchungu kwa dawa, ilikuwaje?

Wapendwa, habari za jioni. Mdogo wangu anatimiza wiki 41 kesho kutwa na hana dalili yoyote. Kliniki wamemwambia aje na begi, ataanzishiwa. Tangu jana hapati usingizi. Naomba tuliopitia tumsimulie, naanza mimi.

Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 38, presha ilipanda na mkojo ukaonyesha protini. Daktari akanipima njia, akaniambia niguse ncha ya pua yangu. "Mlango wa kizazi uko hivyo, mgumu. Tunataka uwe kama mdomo." Hapo nikaelewa kwa nini sikuwekewa dripu moja kwa moja. Nesi aliyeyusha kidonge cha mikrogramu 200 cha misoprostoli, dawa ya kulainisha mlango huo na kuanzisha uchungu, kwenye mililita 200 za maji. Kila baada ya saa mbili alitikisa chupa, akavuta mililita 25 kwa bomba la sindano, nikanywa. Kabla ya kila dozi alisikiliza mapigo ya mtoto, kisha akaniwekea kiganja tumboni, macho kwenye saa. Dozi tatu za kwanza sikusikia kitu, nikaanza kulia. Baada ya tano uchungu ukakolea, wakasimamisha dawa. Binti yangu alizaliwa alfajiri.

Mama Wawili: Mimi nina kovu la oparesheni, kwa hiyo vidonge nilikataliwa kabisa, kizazi kinaweza kupasuka. Niliwekewa puto: mpira uleule wa mkojo, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, unajazwa maji. Kuwekwa kunauma, sidanganyi. Lilidondoka lenyewe usiku nikiwa chooni, njia imeshafunguka. Asubuhi dripu taratibu sana, nikajifungua kawaida. Mdogo wako kama ana kovu alitaje hata kama limeandikwa kwenye kadi!

Nuru77: Yangu haikuwa nzuri, ila naiandika ili mtu ajue. Dripu ilifunguliwa, aliyeifungua akaondoka. Uchungu ukawa unapanda juu ya uchungu, hakuna pa kuvuta pumzi. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyeita. Mapigo ya mtoto yalikuwa yameshashuka, nikakimbizwa oparesheni. Mwanangu yu hai, Mungu ni mwema. Mpaka leo nikiona matone ya dripu yanakwenda mbio, moyo unaniruka. Usiogope kuita. Ita!

Mkunga Mstaafu: Pole sana mwanangu Nuru. Oksitosini, ile dawa ya uchungu inayowekwa kwenye dripu, ni ya kuhesabu matone, inaanza kidogo na kupandishwa polepole, na mkunga hatakiwi kuwa mbali. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, dripu inapunguzwa au inafungwa. Na haifunguliwi mara tu mama akitoka kupewa misoprostoli, lazima zipite saa kadhaa, maana dawa mbili zikikutana kizazi kinabana kupita kiasi.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ndiyo maana watu wanaipata dukani. Kidonge kizima cha 200 ni mara nane ya ile dozi ya 25 aliyokunywa mwenye uzi. Nimepokea wazazi waliokimeza nyumbani, wengine wamechanganya na mizizi ya kuharakisha uchungu, mtoto ameshakwenda. Nawaombeni wanangu, msifanye hivyo.

Kuhusu wiki 41, ni sahihi, hata Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo. Ila kwanza wahakikishe tarehe. Kama alipiga picha ya ultrasaundi miezi mitatu ya mwanzo, aibebe.

Bi Asha T: Mie siku mbili, vidonge kisha dripu, njia ikagoma sentimita 3. Nikafanyiwa oparesheni. Mama na mtoto salama.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimemsomea yote, ya Nuru nayo. Picha ya mwezi wa tatu tumeipata kwenye bahasha chini ya godoro. Anauliza, siku hiyo ataruhusiwa kula?

Mkunga Mstaafu: Kama daktari hajamkataza, anywe uji kabla hajatoka nyumbani. Na wewe beba chupa ya chai, mtakaa sana.