Nimepata kisukuku cha trilobaiti, nakisafishaje nyumbani?

Kijana wa Dayton: Wakuu shikamooni. Nimepata trilobaiti, yule mdudu wa baharini wa kale, mgongo nusu umetokeza nusu umefunikwa na jiwe. Ninavyo mswaki, sindano, bisibisi na siki. Nianze na nini? Sijalala vizuri siku 2.

Mama Shani: Siki mwanangu! Sufuria yangu ilishika ukoko wa pilau wiki nzima, siki ikautoa wote.

FundiKokoto: Mama samahani, USITHUBUTU. Ganda lake ni kalisaiti, yaani madini ya chokaa, siki inalila pamoja na jiwe la chokaa, hata macho ya huyo mdudu yalikuwa kalisaiti. Wanaojua wanatumia kalamu ya chuma inayogongwa na hewa ya kompresa halafu wanapuliza unga wa dolomaiti, madini laini. Wewe sindano na subira. Ila umelitoa wapi, na ukubwa?

Kijana wa Dayton: Nimeliokota tu mkuu. Mahali na kusafisha wapi na wapi?

Babu Kizimkazi: Amekaa humo miaka milioni 450 hajalalamika, wewe siku 2 tu 😂 Vijana mna haraka, hata ndoa zenu hivyo hivyo.

FundiKokoto: Nauliza tena, wapi?

Kijana wa Dayton: Haya. Caesar Creek, eneo la hifadhi huko Ohio, Marekani. Kibali nilichukua, ni bure. Najua zana haziruhusiwi na kisukuku kisizidi kiganja, lakini lilikuwa limeshapasuka lenyewe, nyundo ilibaki kwenye gari. Na viganja vinatofautiana jamani. Yupo jamaa kanipa bei nzuri, nimeshamwambia ndiyo.

FundiKokoto: Pale hata kuuza hawaruhusu. Lirudishe.

Mpemba Msafiri: Mimi nilinunua moja Erfoud, Morocco, lina miiba kama nungunungu, nimefika nyumbani nalipitishia kucha, miiba yote resini, plastiki ya kumimina! Tangu hapo siamini trilobaiti wala anayeuza.

Chumvi Kidogo: Mnapoteza muda. Huyu juzi kwenye uzi wa bajaji alikuwa Tabata, Dar, anatafuta spea. Leo Ohio?

Kijana wa Dayton: Akaunti natumia na mdogo wangu.

Chumvi Kidogo: Na mdogo wako ndiye mwenye picha?

FundiKokoto: Weka kiganja pembeni ya jiwe upige picha, tumalize.

Kijana wa Dayton: Simu haina chaji, kesho. Ila FundiKokoto, kama limelala kwenye siki usiku mmoja tu, na povu limeshatulia, si ndio limeshazoea?